Mkalimani Hana Mdomo Wake

Msomaji wangu, Jumamosi iliyopita tuliachana nikiwa mlangoni kwangu Buhare, simu sikioni.

Aliyepiga alikuwa karani wa mahakama ya watoto, Bunda. Alisema kuna bibi mmoja wa Butiama amemkataa mkalimani wa kwanza. Amesema hafungui mdomo mpaka aletwe "mke wa fundi wa mashine, yule wa Buhare."

Mke wa fundi wa mashine ni mimi.

Kama leo ndiyo unaanza kunisoma, jina langu ni Marieta, ila mtaani wananiita Mama Abraham. Ni mjane. Marehemu mume wangu, Fundi Mugeta, alikuwa akitengeneza mashine za kusaga kuanzia Musoma mpaka Butiama, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Alipofariki nilibaki na elimu ya darasa la saba. Nikajiandikisha masomo ya jioni, utu uzima huu. Mimi ni Mjita wa Bukima, lakini Kizanaki nilifundishwa na mama mkwe jikoni kwake, na ndicho kinachonipa ugali sasa. Shahidi asipojua Kiswahili, naitwa nimsemee.

Nilimwuliza karani, "Huyo bibi anaitwa nani?"

"Kwangu."

"Ananijua?"

"Mama, mimi sijui. Anasema wewe tu. Njoo kesho asubuhi."

Nikapiga magoti. Bwana, huyu mwanamke simjui. Kwa nini mimi?

Nikasema amina. Nikachukua madaftari yangu, nikaenda darasani.

Jioni ile Mwalimu Luhende alikuwa anafundisha Uraia. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kufuta ubao.

"Mwalimu, kama kazi inakwambia nyamaza na moyo unakwambia sema, unamsikiliza nani?"

"Mama Abraham, hilo swali halijagi kwenye mtihani."

Darasa likacheka. Pastory, anayeendesha bodaboda na kukaa dawati la nyuma yangu, akadakia: "Mama, wewe sema 'sijasikia, rudia', mpaka hakimu asinzie."

Lakini Mwalimu Luhende aliona sicheki. Akaketi juu ya meza.

"Unajua kwa nini kazi zina maadili yake? Mtu unayempenda utamtendea haki hata bila kuapishwa. Maadili ya kazi yaliwekwa kwa ajili ya wale usiowapenda."

"Na dhamira yangu?"

"Hiyo ni yako na Mungu wako. Usiiingize mahakamani mpaka uitwe shahidi. Mkalimani hana mdomo wake, Mama Abraham. Amekodisha."

Niliandika maneno hayo daftarini. Nilidhani nimeyaelewa.

Asubuhi nilifika Bunda. Mtu wa kwanza kunilaki getini alikuwa Enos.

Enos tunafahamiana kwenye mikutano ya maombi. Ni mtu wa Bunda mjini, ana duka la vipuri, na akiomba hufumba macho mpaka ngozi ya paji inajikunja. Nilishangaa kumkuta pale. Yeye hakushangaa kuniona, na hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza.

"Bwana asifiwe, Mama Abraham."

"Milele. Umefuata nini huku?"

"Mtoto wangu. Wewe si ndiye unamsemea yule bibi?"

"Nani kakwambia?"

Akatabasamu. "Bunda ni ndogo, mama."

Akanieleza. Bibi Kwangu hakujaliwa mtoto. Baada ya mume wake kufa, akafanya nyumba ntobhu: alitoa ng'ombe, akamwoa binti aitwaye Stellah, ili binti amzalie watoto wa boma. Mila hiyo wengi wenu mnaijua. Mama mwenye boma na wazee ndio wanaomchagua mwanaume wa kuzaa na binti, na mwanaume huyo hana dai lolote. Stellah alizaa msichana mmoja, Judith, sasa yuko darasa la pili. Masika yaliyopita Stellah akafariki.

"Baba yake ni mimi," Enos alisema. "Stellah alikuwa wangu, huku mjini, kwa siri. Nataka damu yangu itoke kwenye ile ndoa ya giza. Mwanamke kuoa mwanamke! Wewe kama mama wa maombi unaionaje?"

Nitakuwa mkweli kwako, msomaji. Nilikuwa upande wake. Mila ile siipendi. Marehemu mume wangu aliwahi kumsimamisha mama mmoja kwaya kwa sababu tu binti yake aliolewa nyumba ntobhu. Alinukuu Maandiko mpaka yule mama akatoka kanisani amejifunika uso kwa kanga.

Enos akasogea karibu. "Fundi Mugeta angekuwa hai, angesimama na mimi leo. Basi wewe tafsiri kwa hekima. Si lazima kila neno la kishenzi lifike kwa hakimu."

"Nitatafsiri kama ninavyoapa, ndugu Enos."

"Amina. Lakini wewe ni Mkristo kwanza. Ukalimani baadaye."

Alipoondoka, nilitubu kwa kitu ambacho nilikuwa sijakifanya bado. Maana moyoni nilikuwa tayari nimeomba yule bibi ashindwe.

Bibi Kwangu nilimkuta kwenye benchi la korido. Mwembamba, ameketi wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Ubavuni kwake mtoto wa kike mwenye sare ya shule alikuwa anakula kiazi.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia kwa Kizanaki.

Aliniangalia muda mrefu. Uso wangu, mikono yangu, pete yangu.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Kaa hapa, mwanangu. Kabla hatujaingia kuna neno nataka nikupe."

"Bibi, hairuhusiwi. Mkalimani haongei na shahidi nje."

"Ni neno dogo."

"Hata dogo."

"Leo nitakubebesha mzigo ambao si wako. Nilitaka uujue kabla, ili—"

"Bibi, tafadhali!" Nilinyanyua kiganja kama trafiki. "Utasema yote mle ndani."

Akatikisa kichwa taratibu, na huruma iliyokuwa usoni pake ilinitia shaka kuliko tabasamu la Enos. Mtu anayekuhurumia bila kukujua anajua nini?

Nilijipongeza. Nilijiona mwenye maadili kweli. Msomaji, kama ningeketi kwenye benchi lile, siku yangu ingekuwa nyingine kabisa.

Yule mtoto akageuka kuniangalia. Mbele ya sikio lake la kushoto kulikuwa na katundu kadogo, kama katobo ka sindano, kalikozaliwa naye.

Mwanangu Abraham anako. Sikio hilohilo la kushoto.

Nikajiambia, watu wenye vitundu ni wengi. Nikaenda kunywa maji kwenye bomba la nyuma.

Hapo bombani nikasikia sauti ya Enos upande wa pili wa ukuta. Anaongea kwa simu, sauti ya chini lakini yenye furaha.

"Mke wangu, tulia. Leo leo namleta. Ndiyo, ni mkubwa wa kutosha, anaweza kuwabeba wote wawili. Shule? Shule itasubiri mapacha waanze kutembea. Sasa yaya wa kulipwa wa nini, na huyu ni wa bure?"

Maji yalijaa kikombe yakamwagika miguuni. Kumbe damu aliyokuwa anaililia getini ni mgongo wa kubebea mapacha wa mke wake.

Nikasimama pale na kikombe. Dhamira ikasema, ingia ukamwambie hakimu. Kiapo kikasema, wewe si shahidi, umeletwa usemee mtu, usijisemee. Na sauti ya tatu, hiyo mbaya, ikanong'ona: hata hivyo ni bora aende nyumba ya Wakristo.

Karani akaniita.

Kesi za watoto husikilizwa faragha. Ndani tulikuwa wachache: hakimu, ambaye ni mama wa makamo aliyehamia kutoka Lindi; karani; afisa ustawi wa jamii aitwaye Miriamu, mtu wa Moshi; Enos; Bibi Kwangu; na mimi. Mtoto aliachwa nje na askari wa kike. Kizanaki mle ndani tulikijua wawili, na Mungu wa tatu.

Nikaapa. Hakimu akanikumbusha, "Mkalimani, unasema kama anavyosema. Akisema 'mimi', na wewe sema 'mimi'. Usiongeze, usipunguze."

"Sawa, mheshimiwa."

Akamgeukia Bibi Kwangu. "Ulikuwa nani kwa marehemu Stellah?"

Bibi akajibu bila kusita. Mimi ndiye niliyesita.

"Mkalimani?"

Mimi Marieta, mama wa maombi, nikatamka mbele za watu: "Mimi ndiye niliyemwoa. Mimi ndiye mume wake."

Enos akakohoa. Karani akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

"Ndivyo alivyosema?" hakimu akauliza.

"Ndivyo, mheshimiwa."

"Endelea. Bwana Enos anasema yeye ndiye baba mzazi wa Judith. Unasemaje?"

Nikasema kwa mdomo wake: "Huyu simjui. Stellah hakuwahi kumtaja. Mtoto ni wa boma langu, na aliyechaguliwa kumzaa alichaguliwa na wazee."

"Alikuwa nani?"

Bibi Kwangu akatazama sakafu. "Ni yule mwenye jina la mwenye boma."

Nikatafsiri hivyo hivyo.

"Nataka jina lenyewe."

"Siwezi kulitaja."

Miriamu akainua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake. "Mheshimiwa, mkalimani wa kwanza naye alileta jibu kama hilo. Alisema bibi hamjui huyo mwanaume."

"Hawezi au hajui?" hakimu akauliza. "Ni vitu viwili tofauti."

Nikamtafsiria. Bibi akarudia, siwezi. Vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la kanga.

Msomaji, hapo mimi nilielewa, na mle ndani nilielewa peke yangu. Mwenye boma ni baba mkwe wake. Mwanamke aliyelelewa kwa mila hatamki jina la baba mkwe, hata amekufa, hata kama mtu mwingine amerithishwa jina hilo. Mama mkwe wangu alikuwa na jirani mwenye jina sawa na la baba mkwe wake, maisha yake yote alimwitaga "yule wa kisimani." Bibi Kwangu hakuwa anaficha. Alikuwa anaheshimu. Ila kwa mtu wa Lindi, heshima hiyo ilifanana na uongo.

Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa, naomba nieleze kidogo kuhusu—"

"Mkalimani, wewe ni shahidi?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi tafsiri."

Nikashusha mkono. Enos akanikazia macho, kope zake hazikupepesa.

Hakimu akavua miwani. "Bibi, nisikilize. Ukinitajia mwanaume mwingine, nitaagiza kipimo cha DNA na tutajua. Mtu huyo kama hayupo, hata ndugu zake wa damu wanaweza kupimwa. Lakini kama hakuna anayetajwa, hakuna ubishi wa nani ni baba. Bwana Enos anamkubali mtoto, ana nyumba, ana mke. Sina sababu ya kumnyima. Leo mtoto ataondoka naye. Kwa mara ya mwisho: jina."

Nikatafsiri yote. Sikupunguza.

Bibi Kwangu akafumba macho. Alipoyafumbua, hakumwangalia hakimu. Aliniangalia mimi.

Akaanza kusema, taratibu, kama mtu anayetua mtungi uliojaa.

"Mwanangu, nilitaka kukupa hili kule nje ukakataa. Sasa chukua. Jina la baba mkwe wangu sitalitamka mpaka nizikwe. Lakini wewe halijakufunga. Ni jina la mume wako. Alikuja kututengenezea mashine, wazee wakamchagua kwa kuwa ni wa ukoo, naye alipewa jina la babu huyohuyo. Hakumdai mtoto hata siku moja, alishika mila mpaka kufa kwake. Ndiyo maana nikaomba uletwe wewe. Litaje. Mtaje wewe mume wako, usiache Judith akachukuliwe na mtu asiyemjua."



Nilisikia feni ya ukutani. Karani alikuwa ameshika kalamu, ananisubiri.

Mashine ya Butiama. Ile iliyokuwa ikiharibikaga kila mwezi. Nilikuwa nikimfungia chakula, nikimwombea safari njema. Na yule mama wa kwaya, uso ndani ya kanga, akitoka kanisani, na mume wangu madhabahuni ameshika Biblia.

"Mkalimani," hakimu akasema. "Ameongea muda mrefu. Amesema nini?"

Sasa nakuungamia, msomaji. Neno moja lingetosha. Hajui. Mkalimani wa kwanza alishalisema, hakuna ambaye angeshangaa. Mume wangu angebaki mzee wa kanisa kaburini. Abraham angeendelea kuketi kwenye kiti cha baba yake kanisani. Na mimi ningerudi Buhare mjane wa mtu mwema.

Nilishuku hata kwamba bibi amenitega. Nikamwangalia nitafute hila. Nikakuta mwanamke mzee aliyelowa jasho juu ya mdomo, anayeogopa kunyang'anywa mtoto.

Huyu simpendi, nikawaza. Na kwa ajili ya huyu ndiyo niliapa.

Nikajishika kwenye meza. Nikasema kama alivyosema, neno kwa neno.

"Jina la baba mkwe wangu sitalitamka mpaka nizikwe. Lakini huyu anayenitafsiria halijamfunga. Ni jina la mume wake..."

Nikaendelea mpaka mwisho. Sauti yangu ilikatika pale penye "alishika mila mpaka kufa kwake", nikairudia sentensi ile isipungue.

Nilipomaliza, Miriamu alikuwa ameweka kalamu chini.

"Mheshimiwa!" Enos aliruka. "Huyu mama ametunga! Nani humu anajua kile kilugha chao? Wamepanga! Niliwaona wakinong'ona kwenye benchi!"

"Keti, bwana Enos."

"Mume wake alikuwa mtu wa Mungu, mimi namjua! Hawezi!"

"Nimesema keti."

Akaketi. Lakini alipokuwa anaketi aliinama upande wangu, na kwa sauti ile ile ya kuombea wagonjwa akaninong'oneza: "Mama Abraham, sema umekosea kutafsiri. Nitanyamaza. La sivyo, Jumapili hii kanisa zima litajua fundi wako alikuwa nani."

Hakimu alikuwa ananitazama. Hakuonekana mkali sasa. Alionekana kama mtu anayekaribia kukanyaga kidonda.

"Mama," akasema. Hakusema mkalimani. "Hii kazi ya kumsemea bibi nakupumzisha kwanza. Huwezi kuendelea nayo, na wewe unajua kwa nini. Karani, msogezee Biblia. Atasimama pale pa mashahidi."

Nilitembea mpaka pale. Ni hatua chache, lakini nilizitembea kama mgonjwa. Mwalimu Luhende alisema dhamira isubiri mpaka iitwe. Sasa ilikuwa imeitwa, na hapakuwa na "mimi" ya mtu mwingine ya kujifichia ndani yake.

Nikaweka mkono juu ya Biblia. Nikaapa tena, safari hii kwa mdomo wangu.

"Marehemu mume wako aliitwa nani? Na kama kuna lolote unalolijua kuhusu mtoto huyu, au kuhusu bwana Enos, huu ndio wakati wake."

Nje ya dirisha pikipiki ilizima. Abraham alikuwa amefika kunichukua. Nilimwona akivua kofia, akicheka na askari, kisha akamnyanyua Judith na kumkalisha kwenye tangi, akamwonyesha pa kubonyeza. Vichwa vyao viliinama pamoja, masikio ya kushoto yote yameelekea kwangu.

Ikiwa nitalitaja jina, watampima yeye.

Honi ikalia. Mtoto akapiga kelele za furaha.

"Mama," hakimu akarudia, "aliitwa nani?"

Enos akafumba macho, paji likajikunja, midomo ikaanza kuomba. Bibi Kwangu, ambaye hakuelewa Kiswahili hata neno, alinyoosha mkono na kushika pindo la kanga yangu.

Nikafungua mdomo.